Majibu Niliyomfundisha Mdogo Wangu

Nilimwekea mdogo wangu kizuizi cha jeshi. Naanzia hapo, maana nikianzia kwingine nitajipamba, na kujipamba nakujua kuliko hesabu.

Kizuizi chenyewe kilikuwa mgomba ulioangushwa na upepo katika shamba la jirani. Niliuburuta mpaka kwenye njia ya panya iliyo nyuma ya mji, pale inapoteremka katikati ya mihogo kabla ya nyumba za kwanza za Busia, upande wetu wa Uganda. Nikaulaza kukingama njia, nikajificha kwenye mihogo na fimbo mkononi, kofia ya baba ya kuendeshea lori nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nacheka peke yangu kabla mtu hajafika. Huo ndio ugonjwa wangu: mzaha huniingia tumboni kwanza, kichwani unafika baadaye, na siku nyingine haufiki kabisa.

Majina sitaji, ya watu wala ya shule. Anayeishi huku mwaka huu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka kwa shangazi, upande wa Kenya, na baiskeli ya baba. Ni baiskeli nyeusi, ndefu. Yeye ana miaka kumi na tandiko halifikii, kwa hiyo huendesha akiwa amepitisha mguu ndani ya fremu, mwili umejipinda kama ndoana. Ndani ya mkoba wake wa shule, chini ya madaftari, kulikuwa na sukari. Upande wetu sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa. Mama anauza chai na chapati karibu na maegesho ya malori, na chai ikikosa sukari madereva hawainywi, wanaitazama tu kama mtu aliyewatukana. Baba naye ni dereva, yuko safari, na safari za siku hizi hazina tarehe ya kurudi. Kwa hiyo mama hutuma mtoto. Humtuma yeye, si mimi, kwa sababu askari hawampekui sana mtoto mdogo, na kwa sababu mimi, alisema, nikisimamishwa nitaanza kuchekesha watu, nipigwe risasi hadithi ikiwa katikati.

Ananijua.

Sauti ya askari niliipata shuleni. Ninasoma kidato cha pili, bwenini, huko Tororo, si mbali na Rubongi penye kambi ya jeshi; siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa likizo. Kutwa tunawasikia. Taa zikizimwa wenzangu huniomba, "Bwana, tutolee afande," nami ninamtoa: sauti nzito ya kifuani, Kiswahili cha kambini kisichojali sarufi. Siku moja mwalimu wa zamu alinisikia akiwa nje ya dirisha, akakimbia mpaka jikoni. Kesho yake alinichapa, nami nikahesabu ile fimbo kuwa ni cheti.

Basi mdogo wangu akateremka na baiskeli, kengele inalia yenyewe kwa mawe ya njiani. Nikamtoa afande.

"Wewe. Simama hapo. Mikono juu, ama napiga."

Alitii. Hilo sikulifikiria. Nilidhani atafunga breki, atababaika, nitatoka na fimbo yangu, tutacheka mpaka nyumbani. Yeye alifanya alichofundishwa kufanya akisikia maneno hayo: aliachia usukani akainua mikono yote miwili. Baiskeli ikaupiga mgomba, naye akaruka juu yake, akaangukia upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio, kwenye jiwe. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya bakuli la udongo mtu analolitua chini kwa hasira.

Alilala macho nusu wazi. Nikamwita kwa sauti yangu mwenyewe, hakujibu. Nikamwambia, "Acha mzaha." Mimi, namwambia mtu aache mzaha. Sikujua la kufanya, nikasoma Alhamdu, taratibu, na nilipofika mwisho akavuta pumzi kwa nguvu, akafumbua macho.

"Sukari iko wapi?"

"Iko hapa. Haikumwagika."

Akatazama mbingu kidogo. "Sukari iko wapi?"

"Nimekuambia iko hapa."

Akageuka, akatapika kwenye majani, akajifuta kwa mkono wa shati. "Kaka, sukari iko wapi?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Nilidhani amepona na sasa ananirudishia mzaha wangu.

Halafu akauliza, "Askari wamekwenda wapi?" Nikajibu kwamba wameondoka. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na kofia ya baba kichwani na fimbo mkononi, naye ananitazama lakini haoni hivyo vitu. Nikavirusha vyote kwenye mihogo.

Lazima nieleze desturi yetu, la sivyo litakalofuata litaonekana ni wazimu wangu peke yangu. Hapa mpakani hakuna nyumba inayomtuma mtoto ng'ambo bila kumfanyisha mtihani kwanza. Mama husimama mlangoni kama yeye ndiye kizuizi, sisi tunapita mbele yake. Unatoka wapi? Kwa shangazi. Umebeba nini? Vitabu. Baba yako yuko wapi? Amesafiri. Nani kakutuma? Nimejituma. Jibu fupi, macho chini, usicheke, usiongeze neno ambalo hukuulizwa. Ukikosea unarudi nyuma ya nyumba unaanza upya. Watoto wa kwingine jioni hutegeana vitendawili. Sisi tunaulizana hayo, na mdogo wangu ni hodari mno. Humtoa mama jasho.

Damu ilikuwa inatiririka kidogo nyuma ya sikio, kwa hiyo ilikuwa lazima twende zahanati. Na huko mtu huulizwa. Najua maswali yake, kwa sababu muhula uliopita golikipa wetu aligonga mwamba wa goli, na nesi wa shule akamwuliza mbele yetu sote jina lake, siku, mahali, kama amezimia, kama anaona vitu viwili viwili. Golikipa alikosea siku, akalazwa chumba cha wagonjwa, na nesi akaliandama jambo mpaka akajua nani alimsukuma.

Nikasukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mdogo wangu nimemshika kwa mwingine, nikamfundisha njia nzima.

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Ulifanya nini?"

"Nilianguka."

"Ulianguka kwenye mpera. Sema."

"Nilianguka kwenye mpera."

"Ulizimia?"

"Sukari iko wapi?"

"Ulizimia? Sema hapana, sikuzimia."

"Hapana, sikuzimia."

Tulipofika mjini alikuwa hakosei. Nikampiga mgongoni kwa furaha. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya sukari, maana ukisema baiskeli na njia ya panya umeshasema magendo, na siku hizi hata ukuta wa zahanati una masikio. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, ningeweza kuisema mbele ya mtu yeyote. Lakini sukari tungeweza kuificha tukasema ukweli wa kichwa. Nilichokuwa naficha ni sauti yangu.

Zahanati watu walikuwa wengi. Mganga wetu, ambaye mji wote unamwita Dokta, ni mzee wa Kisamia mwenye koti lililofuliwa bila sabuni mpaka limekuwa na rangi ya uji. Akamkalisha mdogo wangu kwenye benchi, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi.

"Amepata nini huyu?"

"Mpera," tukajibu wote wawili kwa pamoja, kama kwaya.

Dokta akanitazama. "Nilikuwa namwuliza yeye."

"Nilianguka kwenye mpera," mdogo wangu akasema, macho chini.

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Uko wapi hapa?"

"Zahanati, Busia."

"Ulizimia?"

"Hapana, sikuzimia."

"Vizuri. Sasa kitabu changu kinasema nimwulize rais wa nchi ni nani." Dokta akateremsha sauti. "Hilo tuliache. Akikosea ni matatizo, na akipatia, itabidi ataje na vyeo vyake vyote, na watu wako foleni."

Nilicheka, na kwa ule mzaha nikampenda, nikasahau kwamba nilikuwa namdanganya. Tochi yake ilikuwa mezani, ila betri zilikuwa zimeadimika nchi nzima, kwa hiyo akampeleka dirishani. Akamfunika jicho kwa kiganja, akakiondoa ghafla, akachungulia mboni inavyojikunja kwa mwanga; akafanya na la pili. Akamwambia amkamate vidole na kuvibana. Akamtembeza juu ya ufa wa saruji sakafuni, kisigino mbele ya vidole. Mdogo wangu akaenda na kurudi. Aliyumba mara moja, nami nikakohoa ili Dokta anitazame mimi.

Akanitazama kweli. "Wewe ulikuwepo. Hakuzimia hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

"Hakutapika?"

"Hakutapika."

"Mbona unanijibu kama uko barabarani? Hapa hakuna anayekukamata."

Nikatabasamu. Ndilo jibu langu nikikosa jibu.

Akanieleza basi, mimi, kwa sababu mama hakuwepo. "Mwambie mama yenu amwangalie mpaka kesho. Kichwa kikipigwa kinaweza kunyamaza kwanza, halafu kikasema jioni. Akitapika. Akilala mkamwamsha asiamke vizuri. Akianza kusema maneno yasiyohusu. Akilegea upande mmoja. Mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili. Ukiona moja tu, usimrudishe kwangu, mimi sina kitu hapa, hata kidonge cha maumivu sina. Tororo, moja kwa moja. Rudia."

Nikarudia yote bila kuacha hata neno. Akanisifu. Siku ile mwenye kumbukumbu nzuri nilikuwa mimi.

Nikamlaza mdogo wangu nyumbani, nikapeleka sukari kwa mama. Alikuwa anageuza chapati, madereva wamemzunguka.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Amelala. Alianguka kwenye mpera, akachubuka. Nimempeleka kwa Dokta, amesema ni mzima."

"Mpera gani una mapera mwezi huu?"

"Ndiyo maana ameanguka, mama. Alikuwa bado anatafuta."

Madereva wakacheka, na mama akacheka pia, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. Nikikumbuka yote ya siku ile, hicho kicheko ndicho sitaki kukikumbuka. Akanijazia kikombe cha chai nimpelekee mgonjwa, akaweka sukari yake ile ile, vijiko viwili vikubwa. Maneno ya Dokta sikumpa hata moja. Angeanza kumwangalia, akimwangalia angemwuliza, akimwuliza angefika kwenye mihogo. Nikaona nitamwangalia mwenyewe. Nilikuwa na dalili zote kichwani, ningehitaji nini tena?

Nikakaa naye alasiri nzima. Aliniomba nifunge dirisha, mwanga unamuuma. Nikafunga, nikasema jua ni kali leo. Alisema kichwa kinauma. Nikamwuliza mtu aliyegonga jiwe kwa kichwa alitaka aumwe nini, goti? Hakucheka. Nikamtolea imamu anavyokohoa kabla ya hotuba, kitu ambacho humwangusha chini kila siku, naye akanitazama kama mtu anayesoma bango la mji asioujua. Nikasema amechoka. Nikampa chai, akaipokea kwa mkono wa kulia, kikombe kikamponyoka kikamwagika mkekani. Nikasema kilikuwa cha moto. Iliyobaki akainywa, akaitapika. Nikasema mama amezidisha sukari.

Kila dalili ilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaiandalia jibu.

Kisha akasinzia, nikamtikisa, akaamka nusu. Nikaona nimpime sawasawa, kama Dokta, kwa maswali ambayo hatukuyafanyia mazoezi. Nikamwuliza, "Mama leo amevaa kanga ya rangi gani?"

"Nilianguka kwenye mpera."

"Sikukuuliza hilo. Shangazi alikupa nini ule?"

"Ijumaa."

Hapo nilijua. Siwezi kusema sikujua. Dokta alisema maneno yasiyohusu, na maneno hayo nilikuwa nimemtia mdomoni mwenyewe. Yamebaki humo, mwenye nyumba ameondoka. Ningekimbia kwa mama. Ni mbio fupi, hata jasho halitoki. Nilichofanya ni kumkalisha ukutani, nikaanza kumfundisha upya. Jina lako? Una miaka mingapi? Mama akiingia akikuuliza kama umekula, sema nimekula. Alikuwa anaanguka upande, namsimamisha, anaanguka, namsimamisha.

Mama akaja baada ya alasiri, kanga begani ina unga. Akachuchumaa.

"Mwanangu, umekula?"

"Hapana, sikuzimia."

Mama alimshika taya, akamgeuza uso, akamnusa mdomo, akaona matapishi niliyoyafunika kwa gunia. Akatoka. Nikamsikia kwa jirani, mzee mfanyabiashara mwenye pikapu, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, mtoto wangu anaondoka. Nipeleke Tororo." Mzee alikuwa na petroli aliyoiwekea safari yake ya mzigo. Hakuitaja hata kidogo. Alichukua ufunguo.

Tulibanana mbele wanne: mzee kwenye usukani, mama na mdogo wangu mapajani, mimi mlangoni. Tukapita Sikuda, tukapita Buteba, watu wanarudi na majembe, mbuzi wanavutwa nyumbani. Mama alikuwa anamwita kwa sauti ndogo bila kukoma, na kila mara akijibiwa kwa mguno. Mimi nilikuwa natazama nje. Nilifikiri mambo mengi, na nitasema ukweli, la kwanza halikuwa kama atakufa. La kwanza lilikuwa kama ataamka aseme.

Giza lilikuwa linaanza tulipofika Rubongi. Gogo juu ya mapipa mawili. Askari mmoja kijana akaja dirishani upande wangu, bunduki mgongoni, tochi mkononi, tochi inayowaka.

"Wewe. Nakwenda wapi?"

Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimeiiga vizuri kweli kweli, mpaka na kule kupumzika katikati. Mdogo wangu akafumbua macho. Akainua mikono juu. Mkono wa kushoto ukapanda hadi kwenye paa la gari, wa kulia ukabaki umelala juu ya goti la mama kama kitu cha mtu mwingine.

"Sukari si yangu, afande," akasema.

Askari akainama. "Sukari gani?"

"Anaweweseka, afande," mama akasema, macho chini, jibu fupi, kama alivyotufundisha. "Ni mgonjwa. Tunampeleka hospitali."

"Sukari si yangu. Usipige."

Askari akammulika usoni. Akasogeza tochi jicho hili, akasogeza lile, akarudi kwenye la kwanza. Nikatazama pamoja naye, kwa sababu tochi ilikuwa inapita puani pangu. La kushoto lilikuwa limefunguka jeusi lote, mwanga unaingia na halijali.

"Mama," askari akasema, "hii macho, moja kubwa, moja dogo. Iko mbaya." Akaenda mwenyewe akalisukuma gogo. "Enda. Haraka."

Gari lilipoondoka mdomo wangu ukasema, "Dokta alisema hivyo."

"Dokta alisema nini?"

"Kwamba mboni moja ikiwa kubwa. Alisema tukiona, tuje Tororo. Na akitapika. Na mkono."

"Sasa si wakati wa mzaha."

"Si mzaha, mama."

Nikamwambia. Mgomba, kofia, fimbo, sauti, mikono juu, jiwe, Alhamdu, sukari iko wapi, mpera, chai. Kati ya pale na hospitali si mbali, na hadithi zangu huwa ndefu. Hii ilikwisha gari likiwa bado njiani, kwa sababu niliisema bila pambo. Mzee alibadilisha gia tu. Mama hakunitazama. Aliendelea kumwita mwanawe, ila sasa alikuwa amemfunika sikio kwa kiganja.

Hospitali, daktari kijana aliyekuwa zamu alimwuliza mama amepata nini. Mama akanishika ukosi wa shati, akanisogeza mbele.

"Mwulize huyu. Huyu ndiye alikuwepo."

Akaniuliza. Alianguka kutoka juu ya nini? Akagonga wapi? Alizimia? Nikasema ndiyo, alizimia. Muda gani? Nikasema muda wa kusoma Alhamdu.

"Mimi sijui Alhamdu ni ndefu kiasi gani," akasema. "Soma kama ulivyosoma."

Nikaisoma palepale ukumbini, taratibu kama kule kwenye mihogo, yeye anatazama saa yake, wagonjwa na jamaa zao wananitazama mimi. Mzee jirani aliinua viganja, akaitikia amina mwishoni, maskini, kwa mazoea.

"Akaamka, akatembea, akajibu maswali?"

"Alijibu niliyomfundisha."

Daktari akanyanyua kichwa.

"Kwa Dokta wa Busia. Nilimfundisha majibu kwanza. Njiani."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alimgeukia mama akamwambia damu inajikusanya ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Kwamba akisikia mtoto amezimia, akazinduka, akaonekana mzima, kisha akaanza kuzama, hangoji asubuhi. Na kwamba kama angeambiwa ni mpera na hakuzimia, angengoja. Wakamnyoa upande mmoja, wakamwingiza ndani. Walitoboa tundu juu ya sikio, damu ikatoka. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nimekaa chini ukumbini na mkoba wake wa shule, ambao sijui niliubeba kwa nini, nikimsikiliza mama akivuta uradi kwenye benchi iliyokuwa na nafasi kubwa kando yake, nafasi ambayo hakuniita niikalie.

Mdogo wangu amepona. Naandika hivi upesi kwa sababu sipendi kuwachezea wasomaji kwa hilo. Siku za kwanza alikuwa anaangalia tu. Kisha akasema "maji". Kisha nesi akawa anakuja kila asubuhi na maswali yake, siku gani, uko wapi, naye anakosea vibaya, Jumanne anasema ni Idi, nami nakaa pembeni nimefumba mdomo kwa mikono miwili. Kila kosa lake lilikuwa la kwake mwenyewe. Polepole makosa yakapungua. Mkono wa kulia umerudi, ila bado hushika kikombe kama mtu asiyekiamini, na kelele nyingi au jua la mchana humpeleka kitandani na maumivu ya kichwa.

Mama alikaa siku nyingi hasemi nami. Alinipa chakula, alinituma maji, kwa kidole. Wageni walipokuja walimkuta ananiruka kwa macho wakadhani ni huzuni ya mgonjwa.

Lakini asubuhi ile ya njia ya panya haikumrudia mdogo wangu. Anakumbuka kumuaga shangazi. Baada ya hapo anakumbuka kitu kimoja tu, sauti. "Waliniambia simama, mikono juu," huwasimulia watoto wenzake kwa siri, na wao humtazama kovu kwa heshima. "Walikuwa wengi." Kila akisimulia wanaongezeka; sasa wameshafika wanne. Jirani mmoja alimletea mayai, akamnong'oneza mama kwamba Mungu anawaona hao watu. Mama akapokea mayai. Nami nikala mayai yale, nikakumbuka yule kijana wa Rubongi anavyosukuma gogo, nikaacha nusu sahanini.

"Wewe ulikuwepo, kaka?" mdogo wangu aliniuliza juzi. "Uliwaona?"

Tulikuwa tumelala. Tunalala mkeka mmoja, na tangu hospitali lori likifunga breki huko barabarani yeye hushtuka, hunisogelea mpaka napakana na ukuta, hushika shati langu kwa ule mkono wa kulia, kisha husinzia. Nikamwambia lala.

Jana nilimfuata mama alipokuwa anakanda unga. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia siwezi tena, kila mtu anawalaani watu wanne ambao ni mimi, nataka kumwambia mdogo wangu ukweli leo hii, anipige akitaka, asiseme nami akitaka. Nilidhani atafurahi. Nilidhani ndicho alichokuwa anangoja siku zote hizo.

Mama hakuacha kukanda. Akasema:

"Usimwambie. Mwache awaogope askari. Akikuogopa wewe, atalala na nani?"